Isome Kabla ya Kuipangusa: Luger ya Urithi, Uhalisi Wake na Bei Yake

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, asanteni kwa kufika.

Naomba nianze na stilwuli. Mzee amezikwa, wageni wameondoka, kabati limefunguliwa, na ndani ya ala ya ngozi nyeusi imekutwa bastola ya Kijerumani ya wakati wa vita. Ina vidoa vya kutu. Mrithi kwa nia njema anakwenda jikoni, anarudi na stilwuli na kichupa cha mafuta, na baada ya nusu saa bastola inametameta. Katika nusu saa hiyo amefuta rangi ya kiwandani ya mwaka 1916 au 1941, na pamoja nayo pengine nusu ya bei. Rangi hiyo hairudi. Fundi anaweza kupaka nyingine, lakini itakuwa nyingine.

Leo nazungumzia bastola moja tu, ile ambayo watu huiita Luger na ambayo Wajerumani wenyewe waliiandikisha kama Pistole 08, kwa ufupi P08. Nimeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, askari wa Marekani waliipenda mno kama kumbukumbu ya vita, wakarudi nayo kwa wingi baada ya 1918 na tena baada ya 1945, kwa hiyo ndiyo inayozuka mara nyingi kwenye mirathi ya huko, zikiwemo familia ambazo baadhi yenu mmeoa au mmeolewa ndani yake. Ya pili, viwanda vya Ujerumani vilikuwa na tabia ya kugonga namba karibu kwenye kila kipande. Bastola hii ina maandishi mwilini, na mwenye kioo cha kukuzia anaweza kuyasoma.

Kabla ya kusoma, tuhakikishe haina risasi. Shika bastola mtutu ukielekea pahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu, kidole kikiwa nje ya triga. Ubavu wa kushoto, nyuma ya triga, kuna kitufe cha mviringo: kibonyeze, magazini itoke. Usiridhike hapo. Luger hufyatuka hata magazini ikiwa mezani. Sasa shika vile vifundo viwili vya mviringo juu, vivute juu na nyuma. Goti litakunjika na chemba itafunguka. Nasema goti kwa sababu ndivyo linavyofanya kazi, na Wajerumani nao huuita mfumo huu kwa jina la kiungo cha goti. Bila magazini tupu ndani, goti halitabaki wazi lenyewe, basi lishikilie huku ukitazama ndani ya chemba kwa tochi, kisha upapase kwa ncha ya kidole kidogo. Ile ndoano ya kutolea ganda iliyo juu ni kipimo pia: risasi ikiwamo, ndoano huinuka na ubavuni mwake husomeka neno GELADEN, yaani imejazwa. Kilimi cha usalama kikishushwa nyuma hufunua neno GESICHERT, yaani imefungwa. Maneno haya mawili yasikufanye uache kutazama kwa macho. Tena kuna hatari ambayo wengi hawaijui: sehemu ya juu ya Luger, mtutu na goti lake, ikishatolewa kwenye fremu huku ina risasi chembani, inaweza kufyatuka mtu akibonyeza mwamba mdogo ulio ubavuni. Usiifungue kamwe kabla ya kuona chemba tupu. Kama hujawahi kushika silaha, acha kila kitu kilipo na umwite anayejua.

La sheria nitalipita upesi, kwa kuwa kila nchi ina yake. Marekani, sheria ya shirikisho inaruhusu silaha ya mirathi kumfikia mrithi wa jimbo jingine bila kupitia kwa muuzaji mwenye leseni, mradi mrithi si mtu aliyekatazwa kumiliki silaha. Lakini jimbo unaloishi linaweza kudai usajili au kibali, na hapo ndipo watu hujikwaa. Ujerumani, mrithi ana mwezi mmoja tangu apokee mirathi kuomba kibali, na asiye na sababu nyingine inayotambulika ya kumiliki silaha hulazimika kuifungia kifaa cha kuzuia mtutu. Uingereza, tangu 1997 bastola nyingi zimepigwa marufuku na milango iliyobaki ni myembamba: piga simu polisi waje kuichukua, usiibebe kwenye mkoba kuipeleka kituoni. Kenya na Tanzania leseni ni ya mtu. Leseni ya marehemu hairithiwi pamoja na shamba. Toa taarifa polisi kwanza, mengine yafuate.

Sasa tuingie kwenye chuma.

Tazama juu ya goti. Hapo ndipo penye chapa ya kiwanda. Ukiona herufi za DWM zilizosukwa kwa mapambo, hicho ni kiwanda cha Berlin kilichoanza kuitengeneza Luger. Ukiona taji na chini yake neno ERFURT, ni kiwanda cha serikali kilichotengeneza kati ya 1911 na 1918. Baada ya Mkataba wa Versailles uliofunga vita ya kwanza, Simson wa Suhl ndiye aliyeruhusiwa kulitengenezea jeshi, na mwaka 1930 mitambo ya DWM ilihamishiwa Mauser, mjini Oberndorf. Mauser alificha jina lake kwa msimbo: kwanza S/42, baadaye 42 peke yake, na mwisho byf. Krieghoff wa Suhl alitengeneza chache kwa ajili ya jeshi la anga, na kwa uchache huo ndizo zinazotafutwa sana, na ndizo zinazofekiwa sana.

Teremka kidogo, juu ya chemba. Hapo pana tarehe. Enzi ya Kaiser, yaani mfalme wa Ujerumani hadi 1918, utaona mwaka kamili, mathalani 1917. Mauser wa 1934 aliandika K badala ya mwaka, na 1935 akaandika G. Kuanzia 1936 mwaka ukarudi kuandikwa wote, kisha kwenye byf zikabaki tarakimu mbili, 41 au 42. Ukiona tarehe mbili, moja ikiwa 1920, usidhani ni kosa. Serikali ya Weimar, iliyotawala Ujerumani baada ya Kaiser, iligonga 1920 juu ya silaha zake kuzitofautisha na zilizobaki mikononi mwa raia.

Halafu namba. Namba kamili ipo mbele ya fremu, chini ya mtutu, na mara nyingi chini yake ina herufi ndogo moja. Herufi hiyo ni sehemu ya namba. Kiwanda kilihesabu hadi kufikia elfu kumi, kikaanza upya kwa herufi a, kisha b, na kuendelea. Kwa hiyo mtu akikuuliza namba ya bastola yako nawe ukamwambia 4827, hujamwambia kitu. Kuna nyingi zenye 4827. Namba, herufi, mwaka na kiwanda: vinne hivyo pamoja ndivyo vinavyoitambulisha silaha moja.

Namba hiyo hiyo inarudi ubavu wa kushoto wa sehemu ya juu, na chini ya mtutu, ambapo utaona pia kipimo cha kipenyo cha ndani, kwa mfano 8,82. Kipimo hicho ni cha milimita na ni cha kawaida; kuna wauzaji wanaokigeuza kuwa msimbo wa siri.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Juu ya goti byf. Juu ya chemba 41. Mbele ya fremu 4827 na herufi k. Basi vipande vidogo vyote vinatakiwa kubeba tarakimu mbili za mwisho, yaani 27. Anza na vinavyoonekana bila kufungua kitu: sahani ya ubavuni, wenzo wa kufungulia ulio mbele yake, triga, kilimi cha usalama, vipande vya goti, ndoano ya kutolea ganda. Kisha, kwa anayejua kuifungua, kuna mwamba wa kufyatulia, pini ya nyuma ya goti, kipande kinachozuia goti lisifunge magazini ikiisha, na kwa bastola za Mauser hata sindano ya kugonga risasi. Andika kila kipande kwenye karatasi na namba uliyoiona, si namba uliyoitarajia. Macho ya mrithi husoma 27 palipoandikwa 72, maana ndicho anachotaka kukiona. Piga picha, kuza picha, soma tena kesho yake asubuhi.

Namba zikishalingana, kuna swali linalofuata: zimelingana lini? Kiwandani, au kwenye gereji ya mtu mwaka 1995? Hapa kioo cha kukuza mara kumi kinahitajika, na taa iwekwe chini kabisa, mwanga upite ukiparaza chuma. Chapa ya asili iligongwa kwa nyundo na chuma chenye tarakimu nchani. Chuma kilichosukumwa hujikunja ukingoni mwa tarakimu na kuacha kijimdomo. Chapa iliyopigwa msasa baadaye imepoteza kijimdomo hicho. Tarakimu zinakuwa butu na zenye kina kisicholingana. Namba iliyofutwa ili igongwe nyingine huacha bonde dogo: ukitelezesha ukucha polepole juu ya sahani, unahisi mahali chuma kilipobonyea. Tazama umbo la tarakimu pia. Mkia wa 2 na bapa la juu la 7 kwenye wenzo vifanane na vya kwenye sahani, kwa sababu vilitoka kwenye seti moja ya vyuma hivyo vya kugongea. Pakiwa na tarakimu nyembamba kama iliyochongwa kwa kalamu ya umeme, huo si mkono wa kiwanda.

Mahali mtutu unapokutana na sehemu ya juu pana kijistari kimoja kilichogongwa kikavuka viungo vyote viwili. Nusu yake iko kwenye mtutu, nusu kwenye mwili. Nusu hizo zisipokutana sawasawa, mtutu umewahi kufunguliwa. Mtutu uliobadilishwa na jeshi lenyewe wakati wa vita ni historia. Ule uliobadilishwa na fundi wa juzi ni hasara tu. Namba na mihuri iliyo chini ya mtutu ndiyo itakayokuambia ni upi kati ya hiyo miwili.

Na mihuri ya ukaguzi? Enzi ya Kaiser ni herufi zenye taji, na Erfurt walikuwa na mkono mwepesi: waligonga taji dogo hata kwenye vipande ambavyo DWM haikujishughulisha navyo. Erfurt yenye vipande vitupu inahitaji maelezo. Enzi ya Hitler ni tai mdogo mwenye namba chini yake. Kwenye Mauser za miaka ya mwisho utakuta 655, kisha 135 iliyoifuata. Mfano wetu wa byf 41 ukiwa na tai wa namba ya miaka ya nyuma sana, kaa chini ujiulize vipande hivyo vimetoka wapi.

Sasa rangi, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopunjwa.

Hadi mwaka 1937 Luger ilitiwa weusi kwa njia ya kutu: chuma kilichong'arishwa kama kioo kiliachwa kishike kutu laini, kikachemshwa, kikasuguliwa, na kazi ikarudiwa mara kadhaa. Weusi wake una ndani yake buluu tulivu. Vipande vidogo kama triga, kilimi cha usalama, wenzo wa kufungulia na kitufe cha magazini havikutiwa weusi. Vilichomwa hadi vikashika rangi ya majani makavu, ile ya asali changa. Katikati ya 1937 Mauser aliacha yote mawili akahamia kwenye kutumbukiza chuma ndani ya chumvi ya moto, na tangu hapo kila kitu ni cheusi, triga nayo ni nyeusi.

Mpate kipimo hapo. byf 41 yenye triga ya rangi ya asali imeguswa na mtu. Na kinyume chake: DWM ya 1916 ambayo triga yake ni nyeusi tii, na ukiitoa sahani ya ubavuni ukakuta ndani ya fremu nako ni kweusi, imetumbukizwa kwenye bafu la kisasa. Weusi wa kutu ulikaa nje. Ndani ya fremu za zamani chuma kilibaki cheupe, na mdomo wa mtutu kadhalika. Kwa sekunde kumi za kutazama ndani unajua zaidi ya saa nzima ya kusikiliza hadithi.

Tafuta pia vishimo vya kutu. Kishimo kwenye bastola ambayo haijaguswa huwa cha kahawia, au chuma kitupu. Kishimo chenye weusi safi hadi chini maana yake rangi ilikuja baada ya kutu. Tazama kingo: za asili ni kali, kidole kinazihisi, na weusi umeisha pale tu ala ilipokuwa ikisugua, yaani ubavuni mwa mdomo wa mtutu, kwenye mshono wa sahani, mbele ya mpini. Bastola iliyopelekwa kwenye gurudumu la kung'arishia ina kingo za mviringo kama sabuni iliyotumika, na herufi zake zinaonekana kana kwamba zinazama. Rangi ya asali ya kughushi nayo ni ya manjano mno, kama mikufu ya dukani.

Iliyopakwa nikeli sijaitaja kwa makusudi. Jeshi la Ujerumani halikugawa P08 za nikeli. Zinang'aa, watoto wanazipenda, mkusanyaji anazirudisha mezani bila kusema neno.

Yapo mabadiliko mengine yaliyofanywa kihalali na bado yanashusha bei. Baada ya vita polisi wa Ujerumani Mashariki walizitumia Luger walizokuwa nazo, wakazitia mitutu mipya na vibao vya plastiki vya kahawia vyenye duara katikati. Zilizotekwa na Jeshi la Soviet zilikaa maghalani, zikavuliwa, zikatiwa weusi upya na kufungwa vipande vikiwa vimechanganyika. Nyingi ziliuzwa nje miaka ya karibuni. Hizi zina historia yake na wateja wake, ila mtu asikuuzie kama bastola iliyoletwa na askari mwaka 1945. Katika hili Marekani ndiyo inasaidia: tangu sheria ya 1968 mwagizaji analazimika kugonga jina na mji wake kwenye silaha, kwa herufi ndogo, mara nyingi kwenye mtutu au fremu. Jina hilo likiwepo, hadithi ya babu aliyeivua kiunoni mwa afisa wa Kijerumani imekwisha. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa inaishia kwenye mtutu.

Nikitaja hadithi, kuna na majina. Kuna byf zenye vibao vya mpini vya plastiki nyeusi ambazo soko la Marekani limezipa jina la Mjane Mweusi. Jina hilo ni la wauzaji. Mauser hakuwa nalo. Vibao hivyo vinashikiliwa na skrubu mbili tu, kila upande moja, na dakika tatu zinatosha kuvihamishia kwenye bastola nyingine yoyote. Lipa bastola, usilipe jina.

Ile yenye mtutu mrefu, ambayo wakusanyaji wanaiita ya mizinga, mtutu wake ni milimita 200 badala ya zile 100 za kawaida, na kipimo cha kulengea kiko juu ya mtutu kikiwa na alama hadi mita 800. Kwa kuwa bei yake iko juu, watu hufunga mtutu mrefu kwenye mwili wa kawaida. Linganisha namba ya chini ya mtutu na ya fremu, tazama kile kijistari, na kumbuka kwamba Erfurt zenye mtutu huu zina tarehe ya 1914. Ukionyeshwa Erfurt ya mizinga ya 1917, shukuru kwa chai uende zako. Ikija na kitako cha mbao cha kubandika nyuma, uliza sheria kabla ya kukibandika hata mara moja. Marekani bastola yenye kitako inaweza kuhesabiwa kuwa bunduki fupi ya kusajiliwa, na msamaha uliopo unahusu vitako asilia vya aina maalumu.

Magazini isidharauliwe. Enzi ya Kaiser chini yake ilikuwa na kitako kidogo cha mbao chenye namba ya bastola na herufi yake. Ile ya akiba iliongezewa alama ya kujumlisha. Mauser alitumia alumini, kisha plastiki nyeusi, na magazini za baadaye zina chapa fxo, ya kiwanda cha Haenel. Magazini yenye namba ya bastola yenyewe ni nadra, kwa sababu askari walizichanganya kabla hata hawajapanda meli. Ukiwa nazo mbili zenye namba moja, ya kwanza na ya akiba, usiziuze mbali mbali kwa kisingizio chochote.

Vibao vya mpini vya mbao, ukitaka kusoma namba iliyo mgongoni mwake, vitoe kwa uangalifu. Bisibisi ijae ufa wa skrubu kikamilifu. Bisibisi ya kubahatisha huharibu kichwa cha skrubu, na mnunuzi hukitazama hicho kwanza maana ndicho kinachosema mikono mingapi imepita. Kibao cha kushoto kina ncha nyembamba inayopita kando ya kilimi cha usalama. Ukikiinua kuanzia juu, ncha hiyo inavunjika. Luger nyingi sana zina pengo hapo. Anza kukiinua chini, polepole, kitoke chenyewe. Kikigoma, kiache.

Ala ya ngozi ina chapa mgongoni: jina la fundi, mji, mwaka, na muhuri wa jeshi. Ndani ya kifuniko pana kijifuko cha kifaa kidogo cha kufungulia skrubu na kujazia magazini. Kifaa hicho kikiwepo chenye muhuri wake, ni nyongeza nzuri; nakala za kisasa ni nyingi. Usiipake ala mafuta, hulegeza nyuzi na kuifanya ngozi kuwa nyeusi. Na bastola isilale ndani yake. Ngozi hufyonza unyevu, na kemikali zilizobaki tangu ilipotengenezwa hula chuma. Ile mistari ya kutu inayofuata umbo la ala ndiko inakotoka. Kila kimoja kiwe na mahali pake, unyevu wa hewa usizidi asilimia 50, bastola ipakwe mafuta mepesi kwa kitambaa laini, basi. Hakuna dawa ya kuondoa kutu: dawa hizo nyingi zina asidi, na asidi haijui tofauti ya kutu na rangi ya kiwandani.

Karatasi nazo. Mwaka 1945 jeshi la Marekani liliwapa askari cheti cha kuwaruhusu kubaki na silaha walizoteka, kikiwa na sahihi ya mkubwa wao. Cheti chenye namba ya bastola ile ile kinainua bei, kwa sababu kinathibitisha kile ambacho hadithi inakidai tu. Cheti kilichoandikwa bastola moja ya Kijerumani bila namba kina thamani ndogo zaidi. Tafuteni kwenye barua, ndani ya Biblia ya familia, nyuma ya fremu za picha. Karatasi ya namna hiyo ikitupwa wakati wa kusafisha nyumba, haipatikani tena.

Na mtu akisema twende tukaijaribu uwanjani, mkatalie. Ndoano ya kutolea ganda ni kipande chembamba chenye umri wa miaka themanini au zaidi. Ikivunjika, dukani itapatikana nyingine, lakini haitakuwa na 27. Bastola iliyokuwa kamili inageuka kuwa ya kupigia shabaha kwa sababu ya risasi moja.

Bei, basi. Sitawatajia dola, kwa sababu soko hupanda na kushuka, lakini mpangilio wake haubadiliki ovyo. Juu kabisa ni ile ambayo namba zote zinalingana, rangi ni ya kiwandani, magazini ni yake na karatasi ipo. Kipande kimoja kidogo kisicholingana, bei inaporomoka. Iliyopakwa rangi upya, hata kwa ustadi, kwa desturi inashuka hadi nusu au chini yake, na hapo inauzwa kama bastola ya kupigia tu. Mtutu uliochakaa ndani humsumbua mpiga shabaha kuliko mkusanyaji; mkusanyaji atasamehe mtutu mweusi kabla hajasamehe triga ngeni. Halafu uchache: byf 41 na 42 ni nyingi, DWM za 1916 hadi 1918 ni nyingi pia, Mauser ya K ya 1934 ni chache, Krieghoff ni chache zaidi. Lakini byf 42 safi kabisa humshinda K iliyosuguliwa.

Msisome bei kwenye matangazo ya watu wanaoziuza kwa miezi kumi. Chema chajiuza. Tazameni bei zilizolipwa kweli minadani, kwa kiwanda kile kile, mwaka ule ule na hali ile ile. Na anayekukadiria bei asiwe yule anayetaka kununua; lipa ada ya makadirio kwa mtu, kisha muuzie mwingine.

P38, bastola ya jeshi iliyoifuata Luger, inasomwa kwa njia hii hii lakini ni rahisi zaidi: msimbo wa ac ni Walther, byf ni Mauser, cyq ni Spreewerk, na namba itazamwe kwenye sehemu ya juu inayoteleza, kwenye fremu, kwenye mtutu, na tarakimu za mwisho kwenye kipande cha kufungia chini ya mtutu.

Anayetaka kumwandikia mkadiriaji aandae picha hizi, zipigwe mchana karibu na dirisha, bila flashi, kwa sababu flashi huficha msasa: ubavu wa kushoto mzima, ubavu wa kulia mzima, juu ya goti, juu ya chemba, mbele ya fremu, chini ya mtutu, mihuri ya ubavu wa kulia, sahani na wenzo kwa karibu, ndoano ikiwa wazi, mdomo wa mtutu, chini ya magazini, mgongo wa ala, na cheti kama kipo. Anayeuliza bei ya kuuzia, ya bima, au ya kugawa mirathi aseme mapema ni ipi, kwa maana ni bei tatu tofauti. Namba kamili ionekane kwenye picha anazotumiwa mkadiriaji, na ifichwe tarakimu mbili za mwisho kwenye picha yoyote inayokwenda hadharani.

Sasa meza ile pale ina vioo vya kukuzia na sahani tatu za ubavuni zisizo na bastola: moja ya kiwandani, moja iliyopigwa msasa, moja iliyogongwa namba upya. Karibuni mzipitishe ukucha.